Shahidi wa maji ya Tigithe

Zamisha dumu la njano katika Mto Tigithe msimu wa kiangazi. Maji yanaweza kuingia meupe, bila harufu, na mtoto akayanywa asikunje uso. Hatari iko hapo hapo: risasi, zebaki na aseniki zikishayeyuka majini hazionekani kwa macho, na kuyachemsha maji hayo hakuyafanyi salama.

Tigithe unapita Nyamongo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kazi 2002, kisha unamwaga maji yake Mto Mara. Ng'ambo ya Mara ni wilaya ya Serengeti. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia Tigithe. Mei 2019 Baraza la Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya Sh bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotoka bwawa la topesumu. Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati ya Profesa Samwel Manyele ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika. Mara zote mchota maji alibaki kungoja karatasi kutoka mbali.

Wengi wetu tunaijua DNA kwa Mkemia Mkuu, pale baba na mama wanapogombania mtoto. Lakini DNA inaweza pia kutoa ushahidi kuhusu maji. Mwaka 2000 Jing Li na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitengeneza nyuzi mbili za DNA zilizoshikana: mmoja umebeba rangi inayong'aa, wa pili umebeba kitu kinachozima mng'ao huo. Risasi ikiingia, uzi wa pili unamkata mwenzake. Kipande chenye rangi kinachomoka na kuanza kung'aa, na mng'ao ukizidi, risasi imezidi.

Zebaki ilipata kipimo chake Japani, nchi ambako ugonjwa wa Minamata ulitambuliwa 1956. Mwaka 2004 Akira Ono na Humika Togashi walionyesha kuwa zebaki hukamata herufi mbili za DNA aina ya thaimini, ambazo kwa kawaida haziungani. Uzi unajikunja, mng'ao unafifia. Kwa mkoa ambao wachenjuaji wadogo bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki, hilo si jambo dogo.

Tusidanganyane, aseniki ni ngumu. Uzi wa DNA uliotangazwa 2009 kuwa unaikamata ulichunguzwa upya na watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Mwaka 2019 wakaonyesha kuwa hauikamati. Tope la mto nalo huweza kuuvuruga mwanga. Kwa hiyo maabara haiepukiki.

Hata hivyo, maabara hupima chupa ya siku moja, na mto haulali. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi maikrogramu 10 kwa lita. Kiwango hicho kisibaki kwenye makabrasha. Jumuiya za watumia maji zipewe vipimo vilivyojaribiwa kwa maji ya hapa hapa, na mafunzo ya kuvisoma. Mng'ao ukibadilika, chupa ipelekwe maabara siku hiyo hiyo, na majibu yasomwe hadharani, mbele ya yule aliyebeba dumu.