Meno ya kahawia si uchafu (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliishia Maji ya Chai, kwenye mto uliopewa jina kwa rangi yake. Leo tunaingia kwa daktari wa meno. Lakini kwanza niiondoe dhana iliyowaumiza vijana wengi wa Meru, kwamba mwenye meno ya kahawia hapigi mswaki.

Sivyo. Wala si rangi ya mto inayopaka meno. Chanzo ni floraidi, madini yaliyoyeyuka majini, nayo haionekani kwa macho. Maji meupe kabisa kwenye glasi yanaweza kuwa nayo kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wetu wa Meru. Mtoto akiinywa kwa wingi tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya taya, ganda la jino hutoka na vitundu vidogo mno, na humo rangi hunasa. Ndiyo maana aliyehamia Arusha akiwa na miaka 20 hunywa maji hayohayo na meno yake yasibadilike.

Nimemwona kijana akisugua meno kwa mkaa na ndimu siku moja kabla ya usaili wa kazi, mpaka fizi zikatoka damu. Aliliharibu ganda, na ganda likishalika halioti tena.

Daktari mzuri hakimbilii dawa. Atalikausha jino kwa upepo, na hapo mabaka meupe kama chaki yatajitokeza, ajue madhara ni ya kiasi gani. Dawa ya kung'arisha hufanya kazi kwa peroksaidi. Kahawia nyepesi huweza kufifia, lakini mabaka meupe hubaki, na siku za mwanzo huweza kuonekana zaidi. Jino lililomomonyoka hufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino au bamba jembamba la kauri.

Waya za meno ni jambo jingine. Zinapanga meno, haziondoi rangi. Vibati vidogo hugandishwa juu ya ganda, na ganda lililoathirika sana halishiki gundi vizuri, hivyo mwambie daktari mapema umekulia wapi. Jino huvutwa taratibu, karibu milimita 1 kwa mwezi. Wengi hukaa na waya miezi 18 hadi 24. Panga kwanza, ng'arisha baadaye, maana dawa haifiki chini ya kibati.

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, uulize rufaa ya bingwa wa kupanga meno. Ukienda kliniki binafsi, uliza bila haya kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Waya za kubandikwa saluni zikatae.

Wiki ijayo tutakwenda Ngurdoto kuona mifupa ya ng'ombe iliyochomwa inavyochuja floraidi. Kwa sasa, mzazi mwenzangu, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kinga maji ya mvua, uyatunze kwa ajili ya kinywaji na uji wa mtoto aliye chini ya miaka 8, na upunguze magadi kwenye makande yake, maana nayo huwa na floraidi.