Mita Janja ya Maji: Jua Pesa Yako Inaenda Wapi

Ukiishi Ewuaso Kedong unajua: kiangazi kikikaza, kila mtungi wa lita 20 una bei yake. Sasa, maji unayolipia yanakufikia yote kweli?

Mita janja inafanyaje kazi? Unalipa kwa simu, salio linaingia kwenye mita au kadi yako. Ukifungua maji, mita inahesabu lita na kukata pesa kidogo kidogo. Salio likiisha, maji yanajifunga. Hakuna bili ya kukisia.

Si jambo geni Kenya. Mwaka 2015 Kampuni ya Maji ya Nairobi ilileta "ATM za maji" Mathare: uliweka kadi, ukapata lita 20 kwa senti 50 wakati huo. Huko Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vihisi kwenye mipini ya pampu za mkono. Kihisi kinatuma SMS. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Matengenezo yaliyokuwa yakichukua karibu mwezi yakawa ya siku chache.

Nyumbani je? Mita haizibi bomba linalovuja, lakini itakuonyesha. Usiku funga mifereji yote, andika namba iliyo kwenye mita. Asubuhi, kabla hujachota maji, iangalie tena. Imesonga? Basi unalipia maji yanayoingia ardhini. Ita fundi.

Na kabla ya kutuma malipo, hakikisha namba ya mita ni yako. SMS usiifute, ndiyo risiti yako.