Hisabati ya Nyumbani: Kweli au Si Kweli?

Ukishuka Litein au Silibwet siku ya soko na kutaja kwamba binti yako wa miaka 11 anajifunza hisabati nyumbani, hutakosa washauri. Kila mmoja ana programu yake anayoisifu, na kila mmoja ana binamu ambaye mwanawe "alijifundisha mwenyewe" mpaka akawapita walimu. Wewe pia umezisikia kauli zao. Tuzipime.

"Ukipata programu nzuri ya kujifundisha, mzazi hana kazi tena."

Si kweli, na hili ndilo linalowala watu pesa kuliko yote. Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, watafiti nchini Botswana waliziweka familia zipatazo 4,500 katika makundi matatu. La kwanza lilitumiwa maswali ya hisabati kila wiki kwa ujumbe mfupi wa simu. La pili lilipata ujumbe uleule, kisha likapigiwa simu ya dakika 15 hadi 20, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja. La tatu halikupata kitu. Waliopigiwa simu walisonga mbele waziwazi. Waliotumiwa ujumbe peke yake hawakutofautiana sana na wale wasiopata chochote. Maswali yalikuwa yaleyale. Kilichozidi ni sauti ya mtu.

Hapo jirani ataruka: mimi niliishia darasa la saba, nitamfundisha nini? Lakini hujaombwa kufundisha. Shika kitabu cha majibu, sahihisha, kisha mwambie akueleze swali moja alilopata na moja alilokosa. Robo saa yatosha. Aliyenakili majibu utamjua kabla hajafika sentensi ya pili. Kwa hiyo programu isiyo na majibu ya mzazi usiinunue, hata iwe na picha nzuri namna gani.

"Ana miaka 11, basi mnunulie ya Gredi ya 6."

Si kweli. Miaka ya 1990, shule kadhaa za Busia na Teso zilipewa vitabu rasmi vya kiada bila malipo. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipofuatilia matokeo, waliona wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Wengine waliletewa kitabu cha darasa lao, tena kwa Kiingereza kigumu, na hawakuweza kukisoma wakaelewa. Kitabu kilikuwa sahihi kwa darasa, si kwa mtoto.

Programu ya Kumon ya Japani, iliyoanza mwaka 1954 kwa baba mmoja kumtengenezea mwanawe mazoezi, humwanzisha mtoto chini kidogo ya uwezo wake. Nami nakubaliana nao. Kama wako anasitasita akigawanya kwa namba ya tarakimu mbili, au hajui kwa nini nusu ni kubwa kuliko theluthi, mrudishe Gredi ya 4. Jalada la kitabu unaweza kulivika gazeti.

"Za kigeni ni bora kuliko zetu."

Nusu kweli. Singapore iliongoza katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS mwaka 1995, na mfumo wake ukaanza kutafutwa na wazazi wa nchi nyingine. Saxon ya Marekani, kazi ya mwanajeshi mstaafu John Saxon, ina sifa ya kurudia mada za nyuma katika kila somo. Lakini katika vitabu vya Marekani mtoto wa Bomet atapimishwa kwa inchi na ratili na kununua kwa dola. Pengo hilo lizibe kwa chai. Leo tumechuma kilo 45. Majani mabichi kilo nne na nusu hivi hutoa kilo moja ya chai kavu. Tumepeleka chai ya kilo ngapi? Amegawanya kwa desimali na hata hajanung'unika. Kesho mpe risiti za kituo cha majani na deni la mbolea, akuambie mwisho wa mwezi pesa zitabaki ngapi. (Jiandae: atakuuliza mbona zimebaki kidogo hivyo.)

"Bila intaneti hufiki popote."

Si kweli. Anayeishi huku anajua mvua ya mawe ya alasiri huufanya nini umeme. Programu ya Kolibri hupakuliwa mjini pamoja na masomo ya Khan Academy, kisha hutumika bila data. Kitabu na penseli havidai hata chaji.

"Hisabati ni ya Kiingereza, usimchanganye na Kikipsigis."

Si kweli. Kumi na moja kwa Kikipsigis ni *taman ak agenge*, kumi na moja vilevile. Neno la Kiingereza ndilo linaloificha ile kumi. Aeleze kwa lugha inayomtoka haraka.

"Mtoto ni wangu, serikali haihusiki."

Si kweli. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamtaka mzazi amhudhurishe mtoto shuleni au katika taasisi iliyoidhinishwa, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotetea elimu ya nyumbani. Ukichagua njia hii, ijue sheria kwanza. Kama mtoto yuko shuleni, programu hizihizi zinafaa jioni na likizo.

"Kidogo kidogo kila siku, na ya jana uyarudie."

Kweli kabisa, wazee hapa wamepata zote. Huko Florida, Doug Rohrer na wenzake walifuatilia madarasa 54 ya gredi ya 7. Mwezi mmoja baadaye, katika mtihani wa kushtukiza, waliofanya mazoezi yaliyochanganya mada walipata asilimia 61, na waliofanya aina moja ya maswali kwa mfululizo wakapata 38. Mchuma chai hashangai: ukiruka mzunguko, majani hukomaa na kituo huyakataa.

Basi leo jioni mpe maswali kumi ya Gredi ya 4, yaliyochanganywa. Usimwambie ni ya gredi gani. Programu utanunua ukishayaona majibu.