Laptopu Ikikataa Kuwaka Baada ya Kusafishwa

Chukua mfano wa katibu wa chama cha akina mama katika wadi ya Junju. Jumamosi asubuhi anapangusa laptopu ya kikundi kwa kitambaa kibichi na sabuni kidogo. Jioni anataka kuingiza michango ya wiki. Anabonyeza kitufe, kimya. Daftari la mikopo, majina ya wanachama na barua za kuomba ufadhili, vyote vimo humo ndani.

Kosa kubwa zaidi hutokea dakika hiyo hiyo, nalo ni kuendelea kubonyeza. Maji peke yake mara nyingi hayaui mashine. Kinachoiua ni umeme kupita mahali penye maji. Pwani tatizo huongezeka, kwani hewa inayovuma kutoka baharini upande wa Kuruwitu na Vipingo hubeba chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya pamoja na vumbi ndani ya kompyuta. Kitambaa kilicholowa huiyeyusha, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Pia hula shaba taratibu, ndiyo maana mashine nyingine huwaka siku ya kwanza ikafa wiki ya pili.

Kwa hivyo, iwapo kitu chochote cha majimaji kilitumika, mkazi anashauriwa kuchomoa chaja, kutoa betri ikiwa ni ya kutoka, kisha kuifungua laptopu na kuilaza kifudifudi kama hema mbele ya feni, kivulini, kwa saa 48. Msimu wa mvua ndefu siku tatu ni bora. Jua kali na mashine ya kukausha nywele haviruhusiwi, kwa sababu joto hupinda plastiki na kudhuru betri. Kuizika kwenye mchele hakusaidii. Wanga wa mchele ndio utakaobaki ndani.

Ikishakauka, kabla ya kurudisha chaja, kitufe cha kuwasha kishikiliwe kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Kisha chaja ichomekwe na taa yake itazamwe. Taa isipowaka, soketi nyingine ijaribiwe, pamoja na chaja nyingine yenye volti zile zile zilizoandikwa chini ya laptopu. Si kila chaja inayoingia kwenye tundu inafaa.

Taa ikiwaka na feni ikasikika lakini skrini ni nyeusi, kuna jaribio lisilogharimu kitu: kuzima taa za chumba na kumulika skrini kwa tochi ya simu. Maandishi yakionekana kwa mbali, kompyuta ni nzima, na hitilafu iko kwenye mwanga wa skrini au waya wake. Ikitoa milio, milio hiyo ihesabiwe na kuandikwa. Fundi ataitumia kujua sehemu iliyoharibika.

Mambo ni tofauti ikiwa laptopu ilifunguliwa na kupulizwa vumbi. Hapo, mara nyingi, ni kitu kilichoachwa wazi: waya wa betri haukurudishwa, utepe wa kitufe cha kuwasha umelegea, au kijikadi cha kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita RAM, hakikuingia hadi kikalia. Fundi mzuri humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Pampu ya upepo ya wanaoziba pancha haifai kabisa. Hewa yake hubeba unyevu na mafuta, na huzungusha feni kupita kasi yake.

Betri iliyovimba isichomwe wala kutobolewa, maana inaweza kushika moto. Mashine ya namna hiyo isichajiwe tena.

Kwa yule katibu, habari njema ni kwamba diski inayohifadhi mafaili mara nyingi ni kifaa kinachojitegemea. Hata kompyuta ikifa, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye nyingine, isipokuwa kwa modeli ambazo imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, au pale ilipofungwa kwa msimbo ambao mwenyewe hana. Fundi aambiwe mapema kwamba mafaili yanahitajika, asije akaifuta diski ili kuweka programu upya. Diski ya zamani irudishwe kwa mwenyewe, kwa kuwa majina na nambari za simu za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.