MALEZI YA MTOTO HUANZA JIONI TURUDIPO KAZINI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na usalama penye mashine. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo halimo katika mkataba wa kazi, lakini kila mmoja wetu huenda nalo kazini kila siku. Jambo hilo ni watoto wadogo tuliowaacha nyumbani. Hatusemi juu ya chakula chao wala nguo zao. Tunasema juu ya moyo na tabia zao: jinsi mtoto anavyojifunza kutawala hasira yake, kusema lililomuumiza, kungoja zamu yake na kumhurumia mwenzake.

Wazazi wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu. Si kweli. Mtoto aingiapo darasa la kwanza huwa tayari amekwisha kujifunza mengi juu ya watu. Shule yake ya kwanza ilikuwa nyumbani, na walimu wake tulikuwa sisi.

Jioni moja Magarama

Chukueni mfano huu. Baba mmoja anafanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Gitega. Mchana kapita amemtukana mbele ya wenzake. Hakujibu, maana aliogopa kupoteza kibarua. Jioni anafika kwake Magarama. Mtoto wake wa miaka minne anamkimbilia kwa furaha, anajikwaa, anamwaga ndoo ya maji. Baba anampiga kofi.

Je, kosa lilikuwa maji? Hapana. Hasira ile ilikuwa ya kapita, nayo imemfikia mtoto kwa sababu yeye ndiye mdogo kuliko wote. Jioni ile mtoto amejifunza mambo mawili. Kwanza, mwenye nguvu akikasirika humpiga asiye na nguvu. Pili, si vema kumkimbilia baba. Kesho yeye naye atampiga mdogo wake, na hakuna atakayejua jambo lile lilianzia wapi.

Sisi wana chama inatupasa kulifikiri jambo hili kuliko watu wengine. Mtu aliyezoezwa woga tangu utotoni huona taabu kusimama mkutanoni na kusema neno la haki. Na mtu asiyezoezwa kusikiliza huleta ugomvi katika kila mkutano.

Nchi nyingine zimeona nini

Labda mtu atasema haya ni mambo ya matajiri. Tazameni kisiwa cha Jamaika. Mwaka 1986 wataalamu walianza kazi katika mitaa ya maskini ya mji wa Kingston, kwa watoto wadogo 129 waliodumaa. Karibu nusu yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, muda wa miaka miwili. Mhudumu wa afya alikaa na mama saa moja, akamwonyesha jinsi ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye kwa vitu vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye, wale waliotembelewa walikuwa wakipata kipato zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, na hawakuingia sana katika mapigano.

Hapa jirani, Rwanda, mpango uitwao Sugira Muryango ulipeleka watu wa kawaida waliofunzwa, wala si madaktari, kwenye nyumba za familia maskini. Walizungumza na mama na baba pamoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: kina baba walishiriki zaidi katika malezi, adhabu kali kwa watoto zilipungua, na ukatili ndani ya nyumba ulipungua pia. Basi jambo hili linawezekana hata kwa mtu asiye na kitu.

Mambo sita ya kufanya nyumbani

1. Acha hasira ya kazi mlangoni. Ufikapo, nawa uso, kaa kidogo, kunywa maji. Kama bado una uchungu, mwambie mtoto: "Leo nimekasirishwa kazini. Si wewe uliyenikosea. Ngoja nipumzike kidogo, kisha tutacheza." Kwa maneno hayo machache mtoto anajifunza kwamba hata mtu mzima hukasirika, na kwamba hasira inaweza kusemwa bila kupiga mtu.

2. Mpe mtoto jina la kile anachokisikia moyoni. Mtoto mdogo analia kwa sababu hana maneno. Msaidie: "Umekasirika kwa sababu ndugu yako amechukua mpira wako." Tumia lugha yoyote ya nyumbani. Wengi wetu hapa tunasema Kirundi na Kiswahili pamoja. Hasira au ishavu, woga au ubwoba, huzuni au agahinda, yote ni sawa. Mtoto anayeweza kusema "ninaogopa" hana haja ya kupiga kelele ili asikiwe.

3. Mfundishe kungoja zamu. Hakuna haja ya kununua kitu. Mpira wa majani ya migomba unatosha: mmoja arushe, mwingine angoje. Vitendawili vya jioni pia vinafaa, maana mmoja hutega na wengine husubiri. Hata chakula kikipakuliwa, mwache mtoto ampelekee mdogo wake kwanza.

4. Watoto wakigombana, amua kama mushingantahe. Wazee wetu bashingantahe huwasikiliza wote wawili kabla ya kusema neno. Fanya hivyo hivyo. Mwache wa kwanza aseme, wa pili asimkate, kisha uwaulize: "Sasa tufanye nini ili tupatane?" Tukumbuke pia kwamba ile fimbo yao, intahe, hupigwa chini, haimpigi mtu.

5. Akikosa, mfundishe kutengeneza. Aliyemwaga maji apewe kitambaa apanguse. Aliyemwumiza mwenzake amwombe radhi na kumletea maji ya kunawa. Wengine watasema: "Samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo tumpige." Lakini methali yasema mkunje, haisemi mvunje. Sheria ya nyumbani iwepo, tena isibadilike kila siku. Mtoto aijue kabla ya kukosa, na aambiwe sababu yake.

6. Msaidie mtoto anayelea. Mara nyingi mama akiwa shambani au kiwandani, binti wa miaka tisa au kumi ndiye anayebaki na wadogo zake. Kazi hiyo ni nzito kwake. Mshukuru, mweleze haya tunayoyasema, na jioni mpumzishe. Yeye pia ni mtoto.

Neno kwa kina baba

Kuna baba asemaye: "Kazi yangu ni kuleta mshahara, malezi ni ya mama." Ndugu, mama naye anatoka kazini, au amelima tangu alfajiri. Nusu saa ya baba kila jioni, akikaa na mtoto na kumsikiliza, ina thamani kuliko zawadi ya mwisho wa mwezi.

Vilevile tusifiche jambo lingine. Wengi wetu tulikuwa watoto wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993. Tulifundishwa kunyamaza, tusilie, tusiulize. Pengine kunyamaza kule kulituokoa. Lakini mtoto wa leo akikatazwa kulia na kuuliza, tunamrithisha woga ambao si wake. Tukiona kwamba hasira au hofu ya zamani inatushinda, si aibu kumwendea mzee, kiongozi wa dini au mganga wa hospitali na kusema naye.

Wajibu wa chama

Hatutaki kumtwisha mzazi mzigo wote. Mtu anayefanya zamu mbili hawezi kuwa na subira jioni. Shirika la Kazi la Kimataifa lililitambua jambo hili mwaka 1981 lilipopitisha Mkataba Namba 156 juu ya wafanyakazi wenye majukumu ya familia. Kwa hiyo tukikaa na waajiri tudai pamoja na mshahara haya: zamu zijulikane mapema, kina mama wanyonyeshao wapewe nafasi, mahali pa kulelea watoto pawepo karibu na mashamba na viwanda, na matusi ya makapita yakome. Matusi yale hayaishii kazini, yanafuata watu mpaka majumbani.

Wazee husema: uburere buruta ubuvuke, yaani malezi yapita kuzaliwa. Ndugu wa Magarama na wa Muyinga, tuanze jioni ya leo. Ukifika nyumbani na mtoto akikukimbilia, msimamishe, mpokee, umwulize siku yake ilikuwaje. Kisha umsikilize mpaka amalize.