Kabla ya kupasuliwa, wembe ukae mbali

Kazi ya shimo inaleta ngiri, ile wengine wanaita hernie. Muntu anabeba mifuko ya mawe kutwa nzima, siku moja anaona uvimbe kwenye kinena, na mwishowe anapanda pikipiki kutoka Salamabila au Kabambare kwenda kutafuta mpasuaji Kasongo. Wanamwambia: kesho asubuhi utapasuliwa. Jioni hiyo, mke wake ao ndugu anayemlinda anatafuta wembe sokoni, anamnyoa kinena na tumbo lote, juu ya usafi.

Kila mtu anaona ni kazi ndogo. Lakini wembe huo wa jioni unaweza kugeuza kidonda cha siku chache kuwa kidonda cha majuma mengi. Na mchimbaji anayelala hospitali haingii shimoni, na nyumbani watoto wanangoja.

Nywele si uchafu

Wanaume wengi wana nywele nyingi kifuani, tumboni, mgongoni na kwenye miguu. Wanawake wengine pia wanazo. Watu wanafikiri microbe zinajificha ndani ya nywele hizo, kwa hiyo ukizinyoa umesafisha. Ukweli ni kinyume. Wembe unapopita unaacha mikato midogo sana ambayo jicho halioni. Ndani ya mikato hiyo microbe za ngozi zinaingia na kuzaana usiku kucha. Asubuhi mpasuaji anapita na kisu mahali pale pale.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1971, waganga wawili, Seropian na Reynolds, walitangaza hesabu yao ya wagonjwa 406 waliopasuliwa. Kwa wale walionyolewa kwa wembe, vidonda vilioza kwa asilimia 5.6. Kwa wale ambao hawakunyolewa, ao walioondolewa nywele kwa dawa ya kupaka, ilikuwa asilimia 0.6 tu. Tena waliangalia saa. Walionyolewa palepale kabla ya kupasuliwa: asilimia 3.1. Walionyolewa ndani ya saa 24 kabla: asilimia 7.1. Walionyolewa zaidi ya saa 24 kabla: asilimia 20, yaani mtu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo kumnyoa mgonjwa nyumbani siku mbili mbele ili afike hospitali akiwa tayari, njo hatari kubwa kuliko zote.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo kwa hospitali zote za dunia: nywele za mgonjwa ziachwe. Kama zinamzuia mpasuaji kabisa, zikatwe fupi kwa tondeuse, ile mashini ya kinyozi, si kwa wembe. Wembe umekatazwa wakati wote, iwe nyumbani ama ndani ya chumba cha kupasulia.

Kasongo iko na Waislamu wengi, na kwao kuondoa nywele za kwapa na za kinena ni sehemu ya usafi wa dini. Hakuna anayewaomba waache desturi yao. Lakini kama siku ya kupasuliwa inajulikana, mahali patakapopasuliwa pasiguswe na wembe juma zima la mbele. Mgonjwa aoge vizuri kwa maji na sabuni, inatosha. Kama amekwisha kunyolewa, asifiche. Amwambie muuguzi, ngozi iangaliwe.

Jiwe likianguka kichwani

Kwa wachimbaji, jeraha la kichwa ni jambo la kawaida. Wengi wanafikiri lazima kichwa kinyolewe ndipo kishonwe. Si lazima. Jeraha linaoshwa kwa maji mengi safi, nywele zinasukumwa pembeni, kisha linashonwa. Waganga wa Singapore walionyesha mwaka 2002 kwamba jeraha lisilo refu sana linaweza hata kufungwa kwa nywele zenyewe: wanasokota nywele za pande mbili pamoja, wanatia tone la gundi ya kiganga. Wagonjwa walisikia maumivu kidogo kuliko wale walioshonwa. Hiyo ni kazi ya aliyejifunza, usiijaribu kwenye shimo na gundi ya viatu. Na nyusi zisinyolewe hata siku moja, kwa sababu zinaweza kuota vibaya ao zisirudi.

Sparadra, ndevu na aibu

Kitandani pia nywele zinaleta shida ndogo zinazoumiza. Sparadra ya serumu ikibandikwa kwenye mkono wenye nywele nyingi, kuing'oa kwa nguvu kunachubua ngozi. Ilowanishwe kwanza kwa maji ya sabuni ao mafuta kidogo, ngozi ishikwe kwa kidole, halafu ivutwe polepole kufuata upande nywele zinapolalia. Kama nywele zinazuia sindano kukaa, makasi yanatosha.

Ndevu za mzee hazikatwi bila kumuuliza. Kama hana fahamu, wanaulizwa wa jamaa yake. Zikikatwa, wapewe nywele zao. Kwetu watu wengi hawapendi nywele zao zibaki mikononi mwa wasiowajua, na kuwaheshimu katika hilo hakugharimu kitu.

Kuna pia mama au dada mwenye ndevu, ama nywele nyingi tumboni na kifuani. Mara nyingi ni mambo ya homoni, na yanaweza kwenda pamoja na kukosa damu ya mwezi ao shida ya kupata mimba. Si uchawi wala laana. Muuguzi anayecheka anamfukuza mgonjwa huyo, na hatarudi tena hata akiwa na ugonjwa mkubwa. Afunikwe kitenge, pazia livutwe, na kama inawezekana ahudumiwe na mwanamke.

Kwa wamama wa uzazi

Wengine wanaona haya kwenda kujifungua kwa sababu hawajanyoa, ao wanaogopa kunyolewa na mtu wasiyemjua. Wasikie hili: tangu 1996 OMS iliweka kunyoa mama anayejifungua kati ya desturi zinazopaswa kuachwa, kwa kuwa hakuna faida, na mwaka 2018 ilirudia neno hilo. Wembe mmoja ukipita kwa wamama wawili unaweza kupitisha virusi vya SIDA na hepatiti B. Mama, njoo vile ulivyo.

La kusema hospitalini

Tangu 1971, wakati Projet Kasongo ilipoanza pamoja na Institut de Médecine Tropicale ya Antwerpen, mji huu ulijulikana na waganga wa nchi za mbali kwa namna yake ya kutunza watu karibu na nyumba zao. Kumsikiliza mgonjwa si jambo geni hapa. Basi ukitumwa kununua wembe, usigombane. Uliza kwa heshima: "Muganga, ni lazima kumunyoa? Hatuwezi kuziacha, ao kuzikata na tondeuse asubuhi hapa hapa?"

Kama hospitali haina tondeuse, kinyozi wa mtaani anayo. Lakini meno yake yasafishwe kwa dawa ya kuua microbe kabla haijagusa mgonjwa. Na kama hata hiyo imekosekana, makasi safi, nywele zibaki fupi, ngozi ibaki nzima.