Je, Wajua? Amri ya Shinkolobwe
Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, Kongo ya Kinshasa. Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliamuru mgodi huo ufungwe. Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua wachimbaji wadogo, maana kazi haikuwa imesimama. Amri ilibaki karatasini.

Amri zinazobaki karatasini mara nyingi huhusishwa na rushwa. Shirika la Transparency International hupima rushwa serikalini kwa alama: 0 ni kuoza kabisa, 100 ni usafi. Mwaka 2024 Kongo ya Kinshasa ilipata 20, Uganda 26, Kenya 32, Tanzania 41, Rwanda 57, Denmark 90. Hongo zenyewe hazihesabiwi (nani angetoa risiti?), huchukuliwa maoni ya wataalamu na wafanyabiashara.